Mtu wa Pwani na DNA ya Neandertali: je, kipimo kimekosea?

Swali: "Nimepima DNA kwa kampuni ya nje. Ripoti inasema nina asilimia 0.6 ya Neandertali. Wazee wangu, kuumeni na kukeni, ni watu wa Lamu na Mombasa. Shuleni tulifundishwa kwamba viumbe hao waliishi Ulaya na kwamba Mwafrika hana chembe yao. Kipimo kimekosea? Na wataalamu wanajuaje kwamba watu walizaa nao, wakati huenda sote tumerithi tu kwa babu mmoja wa zamani?"

Jibu: Huenda hakijakosea. Kilichopitwa na wakati ni lile somo la shuleni, na mwalimu wako hana lawama, kwa sababu mpaka mwaka 2020 hata majarida ya sayansi yaliandika hivyo hivyo. Nianze na swali lako la pili. Ukilielewa hilo, la kwanza halitakusumbua.

Waneandertali, aina ya binadamu wa kale, walipata jina kutokana na bonde la Neander karibu na Düsseldorf, Ujerumani, ambako wachimba chokaa walifukua mifupa mwaka 1856. Makazi yao yalienea kuanzia Uhispania hadi milima ya Altai kule Siberia, na kwa kusini yalishuka hadi Israeli na Iraki. Ukoo wao na wetu uliachana zaidi ya miaka 500,000 iliyopita, nao wakatoweka kama miaka 40,000 iliyopita. Barani Afrika hakujapatikana mfupa wao hata mmoja, na hapo ndipo fundisho la kwamba Mwafrika hahusiki lilipopata nguvu.

Shaka yako kuhusu babu mmoja ni ya msingi, na ndiyo iliyowasumbua wataalamu wenyewe. Mwaka 2010 kundi la Svante Pääbo, mtaalamu wa DNA ya kale huko Leipzig, Ujerumani, lilitoa rasimu ya jenomu ya Neandertali, yaani DNA yake yote, iliyosomwa kutoka mifupa mitatu ya pango la Vindija, Kroatia. Wakailinganisha na za watu watano walio hai: Mfaransa, Mchina wa Han, Mpapua, na Waafrika wawili, Myoruba na Msan. DNA huandikwa kwa herufi nne za kikemia, A, C, G na T, na sokwe mtu akatumika kama shahidi wa herufi ya zamani. Jaribio lenyewe ni rahisi kulifuata. Tafuta mahali ambapo Mneandertali ana herufi mpya, tofauti na ya sokwe, kisha chagua zile sehemu ambapo kati ya Mfaransa na Myoruba ni mmoja tu mwenye herufi hiyo mpya. Kama asili yake ni babu wa zamani pekee, herufi hiyo itamwangukia Mfaransa mara nyingi sawa na inavyomwangukia Myoruba, kama shilingi unayoirusha hewani. Haikuwa hivyo. Ilimwelemea Mfaransa, na ilimwelemea Mchina na Mpapua kwa kiasi kile kile. Papua Waneandertali hawakufika kamwe, kwa hiyo mchanganyiko ule lazima ulitokea kabla mababu wa watu hao watatu hawajatawanyika.

Lakini jaribio hilo liliacha mwanya. Mtu angeweza kusema kwamba ndani ya Afrika kwenyewe kulikuwa na makundi, na lile lililotoka nje lilikuwa tangu zamani karibu kidogo na Waneandertali kuliko mengine. Hoja hiyo haina upuuzi wowote. Kilichouziba mwanya huo ni urefu wa vipande.

Kromosomu zetu, zile nyuzi zinazobeba DNA, huja jozi, mfano wa doti ya kanga: kipande kimoja cha mama, kingine cha baba. Mwili unapotengeneza yai au mbegu haukitoi kipande kimoja kama kilivyo. Unaviweka viwili sambamba, unakata mahali pamoja au pawili, unaunga upande wa hiki kwenye upande wa kile, halafu unampa mtoto kimoja kilichoungwa. Mtoto wa Mneandertali na binadamu wa kisasa alikuwa na doti ya wazi kabisa, kanga nzima ya huku na kanga nzima ya kule. Mjukuu alipokea kanga iliyokwisha kuungwa. Kwa kitukuu kiraka cha Neandertali kikapungua tena, na kila kizazi mkasi ulipita upya.

Mkasi huo una kasi inayojulikana. Kwa wastani hukata mara moja kwa kila herufi milioni 100 katika kizazi kimoja. Kwa hiyo baada ya vizazi 10 kiraka cha wastani ni herufi milioni 10, na baada ya vizazi 1,700 ni kama herufi 59,000. Tukihesabu miaka 29 kwa kizazi, vizazi 1,700 ni miaka 49,000 na ushei. Sasa peleka hesabu hiyo kwa babu wa zamani wa miaka 500,000. Hapo vizazi vinapita 17,000, na kiraka kingekuwa kimekatwakatwa hadi chini ya herufi 6,000. Vilivyomo miilini mwa watu walio hai ni virefu mno kuwa vya babu huyo. Kile kipande cha kromosomu ya 3 kilichovuma mwaka 2020, ambacho huongeza hatari ya kuugua sana UVIKO, kina urefu wa karibu herufi 50,000. Kipande cha namna hiyo ni cha urithi wa karibu.

Mifupa ya kale imekuja kuthibitisha rula hiyo ya urefu wa viraka kwa namna ambayo haiachi nafasi ya ubishi mwingi. Mtu aliyeishi jirani zaidi na tukio anapaswa kuwa na viraka virefu zaidi, na ndivyo ilivyo. Mfupa wa paja wa Ust'-Ishim, uliookotwa kwenye ukingo wa mto Irtysh huko Siberia mwaka 2008, ni wa mwanamume wa miaka 45,000 iliyopita, na viraka vyake vinazidi kwa urefu vya mtu yeyote wa leo. Halafu kuna taya la Oase, kutoka pango moja la Romania, la miaka kama 40,000 iliyopita. Huyu ana Neandertali asilimia 6 hadi 9, na viraka vyake vitatu vinapita sentimogani 50 kila kimoja, yaani kwa makadirio herufi milioni 50. Mkasi ulikuwa haujamgusa sana. Watafiti walipopiga hesabu walipata kwamba mzee wake wa Kineandertali alikuwa vizazi vinne hadi sita nyuma yake. Kwa lugha yetu, huyo alikuwa kilembwe au kilembwekeza wa Mneandertali. Ukitaka kuihakiki hesabu hiyo mwenyewe, mzee mmoja wa vizazi vinne nyuma hukuachia sehemu moja ya kumi na sita, yaani asilimia 6.25. Ongeza asilimia 2 hivi ambazo watu wote wa nje ya Afrika walikuwa nazo tayari, na unaingia katikati ya kipimo chake.

Pango la Bacho Kiro, Bulgaria, nalo limetoa watu watatu wa miaka kati ya 43,000 na 46,000 iliyopita, wote wakiwa na Mneandertali vizazi vichache tu nyuma yao. Kwa hiyo makutano hayakuwa ajali ya mara moja. Hata hivyo, ukoo wa Oase hauonekani kwa Wazungu wa leo. Ulikatika. Ulaya, ambako kila mtu huanzia anapofikiria Waneandertali, si ndiko urithi huu ulikotoka kwa sehemu kubwa. Tafiti mbili za Desemba 2024 ziliupa wakati wake. Moja ilitumia mifupa ya Ranis, Ujerumani, pamoja na fuvu la mwanamke wa Zlatý kůň, Jamhuri ya Cheki, ikapata miaka 45,000 hadi 49,000 iliyopita. Nyingine ilikusanya jenomu za kale na za sasa, ikapata kipindi cha miaka kama 7,000, kati ya 50,500 na 43,500. Dalili zinaelekeza Asia ya Magharibi. Fuvu la pango la Manot, Israeli, linaonyesha binadamu wa kisasa akiwa eneo hilo miaka kama 55,000 iliyopita, na Mneandertali wa Kebara, si mbali na hapo, ni wa miaka kama 60,000.

Walikutanaje, kwa mapenzi, kwa biashara ya posa, au kwa mabavu? DNA haisemi, na anayekuambia inasema anakutungia sinema. Inachosema ni hiki: hakuna mtu hai aliyepatikana na mitokondria ya Neandertali, ambayo hurithiwa kwa mama, wala kromosomu Y yao, ambayo hurithiwa kwa baba. Wengi hukimbilia hapo kuhitimisha ni wanaume gani waliozaa na wanawake gani. Haraka hiyo haifai. Nasaba ya kike hukatika pale mwanamke anapozaa wavulana tu, na ndani ya vizazi 1,700 nasaba nyingi hukatika bila sababu yoyote ya ajabu. Ushahidi wenye uzito zaidi uko kwenye kromosomu X, ambako kuna maeneo makubwa yasiyo na Neandertali hata kidogo. Wapo wataalamu wanaolisoma hilo kama dalili kwamba watoto wa kiume wa mchanganyiko walikuwa na shida ya uzazi. Kwa ujumla sehemu kubwa ya DNA hiyo ilichujwa mapema, ndani ya vizazi kama 100 vya mwanzo. Waneandertali walikuwa wachache kwa muda mrefu, na katika jamii ndogo kasoro ndogo ndogo hujilimbikiza bila kuondolewa. Zilipoingia katika jamii kubwa zaidi, zikaanza kupukutika.

Sasa turudi kwako. Kosa la awali lilikuwa la mizani. Njia za zamani za kutafuta viraka zilihitaji kundi la kulinganishia, yaani watu wanaodhaniwa hawana Neandertali kabisa, na kundi hilo likawa Waafrika. Ni sawa na muuza nyama anayeirudisha mizani yake sifuri huku kipande kikiwa tayari kwenye sahani. Hawezi kukiona kipande hicho, na kila atakachopima baadaye kitasoma pungufu. Mwaka 2020 kundi la Joshua Akey, mtafiti wa chuo kikuu cha Princeton, Marekani, lilileta njia isiyohitaji kundi hilo, kwa kulinganisha kila mtu moja kwa moja na jenomu ya Neandertali. Waafrika waliopimwa walitoka makundi matano, na mojawapo ni Waluhya wa Webuye, Kenya. Kwa wastani kila mtu alikuwa na herufi milioni 17 za Neandertali. Wazungu walikuwa na milioni 51, watu wa Asia ya Mashariki milioni 55. Tofauti kati ya hao wawili wa mwisho, ambayo njia za zamani zilisema ni asilimia 20, ikashuka hadi asilimia 8. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na mizani yenyewe.

Hapa kuna mtego wa asilimia, na naomba usome taratibu. Herufi milioni 17 zilitangazwa kama asilimia 0.3 hivi, kwa sababu ziligawanywa kwa herufi bilioni 6, yaani nakala zote mbili za jenomu. Ukimgawanya Mzungu kwa namna hiyo hiyo hupati asilimia 2 inayotajwa kila mahali, unapata chini ya 1. Asilimia 2 hutoka kwenye njia nyingine, inayokadiria urithi wote kwa jumla, wakati njia ya viraka huhesabu vile virefu vinavyotambulika bila shaka. Kwa hiyo usichukue 0.6 yako ukaigawanya kwa 2 ya mtu mwingine. Linganisha tu namba zilizotoka kwenye rula moja.

Viliingiaje Afrika? Kwa njia mbili. Ya kwanza ni watu waliorudi. Zaidi ya asilimia 94 ya viraka vya Waafrika wale vinapatikana pia kwa watu wa nje ya Afrika, jambo linaloonyesha kwamba baadhi ya mababu zao walitoka huko. Afrika Mashariki ina ushahidi wa mfupani kabisa: mtoto wa jamii ya wafugaji aliyezikwa Luxmanda, Mkoa wa Manyara, miaka kama 3,100 iliyopita, alikuwa na asilimia 38 ya asili inayohusiana na wakulima wa kale wa Shamu.

Njia ya pili inashangaza zaidi. Binadamu wa kisasa walitoka Afrika na kuchanganya damu na Waneandertali kabla hata ya ule mchanganyiko wa miaka 50,000. Utafiti wa mwaka 2024 uliweka matukio hayo kwenye miaka 200,000 hadi 250,000 na tena 100,000 hadi 120,000 iliyopita, ukapata kwamba asilimia 2.5 hadi 3.7 ya jenomu ya Neandertali ni ya kwetu. Kompyuta inapomlinganisha Mwafrika na Mneandertali na kukuta kipande kinachofanana, hakikuja lazima kutoka kwao. Huenda kilitoka huku kikaenda kule. Kwa maneno mengine, sehemu ya ile "Neandertali" kwenye ripoti ya Mwafrika ni mali ya Afrika iliyoandikwa jina la jirani.

Kwako wewe wa Pwani kuna safu nyingine juu ya hizo. Mwaka 2023 ilichapishwa DNA ya watu waliozikwa kwenye miji ya kale ya Waswahili, ikiwemo Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, wa kati ya mwaka 1250 na 1800. Wengi wao walikuwa na zaidi ya nusu ya asili kutoka Afrika, hasa kwa upande wa akina mama, na sehemu iliyobaki ilitoka Asia, kubwa yake Uajemi, hasa kwa upande wa akina baba. Mchanganyiko huo ulianza kama mwaka 1000. Watu wa Uajemi wanabeba Neandertali kama watu wengine wa nje ya Afrika, japo pungufu kidogo kuliko Wazungu. Tuseme robo ya asili yako ni ya huko, na tutumie namba ya Wazungu kama kadirio. Robo tatu ya milioni 17 ni milioni 12.75. Robo ya milioni 51 nayo ni milioni 12.75. Jumla milioni 25.5, nusu yake kwa safu ya kale ya Afrika, nusu kwa safu ya majahazi. Ukigawanya kwa bilioni 6 unapata asilimia 0.4 na ushei. Yako 0.6, hata kama rula ya kampuni yako si hii hii, haina ajabu.

Hata hivyo vipimo hukosea, tena kwa njia ambazo mtu hazioni. Mwaka 2015 jenomu ya mtu wa pango la Mota, kusini mwa Ethiopia, wa miaka 4,500 iliyopita, ilitumiwa kudai kwamba asili ya Asia ya Magharibi imeenea Afrika nzima, hadi kwa Wayoruba na Wambuti. Mwaka uliofuata watafiti wenyewe walilisahihisha dai hilo. Hatua moja ya kupatanisha programu mbili za kompyuta ilikuwa imerukwa, na kila mahali ambapo Mota alifanana na jenomu rejea, ile ya kulinganishia, pakahesabiwa kuwa hapana data. Jenomu ilisomwa vizuri, hesabu ndiyo iliyopinda.

Maabara nayo ina yake. DNA ya kale huja vipande vya herufi 40 hadi 60, na kwenye mifupa ya Vindija zaidi ya asilimia 95 ya DNA iliyotoka ilikuwa ya bakteria na viumbe vingine. Mate ya mchimbaji mmoja yana DNA safi kuliko mfupa mzima. Kinachowaokoa wataalamu ni kuoza kwenyewe: kwenye ncha za vipande vya kale herufi C hubadilika na kusomeka kama T, wakati DNA ya juzi haina alama hiyo. Data ya Neandertali ya mwaka 2006, iliyotolewa kabla kinga hizi hazijakamilika, ilikuja kugundulika imeingiliwa na DNA ya watu wa leo.

Kupima umri wa mfupa kwa kaboni kuna mtego kama huo. Mfupa wa miaka 40,000 umebakiwa na chini ya asilimia 1 ya radiokaboni yake, ile kaboni inayopungua kadiri miaka inavyopita. Mfupa usiobakiwa na chochote, ukiingiwa na asilimia 1 tu ya kaboni ya leo, kutoka gundi au udongo, utasomeka kuwa na miaka kama 37,000. Ndivyo Waneandertali wa Vindija walivyodhaniwa waliishi hadi miaka 29,000 iliyopita, wakiwa majirani wa binadamu wa kisasa kwa maelfu ya miaka. Mwaka 2017 mifupa ile ile ilipimwa upya kwa kutenga asidi amino moja ya kolajeni (protini ya mfupa), hidroksiprolini, ikarudi nyuma zaidi ya miaka 40,000. Ukikuta kitabu kinachosema waliishi pamoja Ulaya miaka 10,000 au zaidi, angalia kwanza kilichapishwa lini.

Kuhusu ripoti yako, hakikisha 0.6 ni kiasi na si nafasi. Kampuni nyingine huandika "umezidi asilimia 60 ya wateja wetu", na watu husambaza kwenye WhatsApp kwamba wao ni Neandertali asilimia 60. Vipimo vingi vya bei nafuu havisomi jenomu nzima. Husoma sehemu laki sita au saba zilizochaguliwa, na nyingi zilichaguliwa kwa kuangalia Wazungu, hivyo viraka vya upande wa Afrika hupita bila kuonekana. Desimali ya pili usiitilie maanani kabisa. Sifa wanazokuandikia pembeni, nywele, urefu, kupiga chafya, nazo zipuuze, kwa kuwa herufi moja mara chache huamua jambo. Kile kipande cha kromosomu ya 3 hakipatikani karibu kabisa kwa Waafrika, ila Asia ya Kusini nusu ya watu wanacho, hivyo mwenye bibi wa Kihindi ana sababu ya kukiangalia.

Kama mama yako yuko tayari, mpimishe kwa kampuni hiyo hiyo, kisha weka orodha zenu mbili sambamba. Viraka ulivyo navyo ambavyo kwake havipo vinatakiwa kuwa vya baba. Tazama kwanza kinachokizunguka kila kiraka. Kiraka cha Neandertali kilichozungukwa na kipande kirefu cha Asia kilikuja na wageni wa baharini. Kilichokaa katikati ya DNA ya Kiafrika huenda kilikuwepo Afrika kabla jahazi la kwanza halijatia nanga.